Mfungo Usiofika Pasaka

Najua kwamba katika shule yetu, ambako wasichana hugombea ukoko wa posho chini ya sufuria, mtu akiandika habari za watu wanaokataa chakula atachekwa. Hata mimi ningalicheka mwaka juzi. Siku hizi sicheki, nami nitawaeleza sababu, ingawa sehemu moja ya habari hii yaniaibisha mwenyewe. Mwenzangu ninayemtaja humu ameisoma kabla ya kumpa mhariri, akanipa ruhusa, ila jina lake nisiliandike.

Katika Kwaresima ya mwaka jana nilikuwa nikila sahani mbili kila usiku. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya huyo mwenzangu, tuliyekaa naye meza moja. Alikuwa akinisogezea polepole, mara tu baada ya sala ya chakula, akisema, “Kula wewe, dada, mimi nimefunga.” Yeye alikuwa na miaka 16, mimi 18, tena mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa meza. Basi nilikula. Posho si kitu cha kumwaga, na mtu anayesoma usiku ana njaa. Wenzetu walimsifu sana. Mwalimu mmoja alimtaja mbele ya darasa, akatuambia sisi wengine tulioahidi kuacha sukari na tukashindwa siku ya tatu tumtazame yeye tujifunze.

Pasaka ikafika. Tulipikiwa wali na nyama ya ng’ombe, jambo ambalo kila mmoja wetu alikuwa amelihesabia siku. Mwenzangu akanisogezea sahani yake kama kawaida. Nikamwuliza, “Kwani mfungo haujaisha?” Akajibu kwamba wake bado. Hapo ningalipaswa kushtuka. Lakini nilikula ile nyama.

Nikikumbuka sasa, dalili zilikuwa nyingi, wala hazikuwa za kufichika. Alivaa sweta saa sita mchana, jua likiwaka, na mikono yake ilikuwa ya baridi kama mtu aliyetoka mtoni. Nywele zake zilitoka katika kitana, na huku mikononi na mashavuni zikamwota nywele laini kama za mtoto mchanga. Alfajiri, kabla ya kengele, alikuwa akizunguka uwanja wa mpira mbio, peke yake. Alipolazimika kula mbele ya Matroni, alilimega tonge vipande vidogo vidogo, akavipanga, akavisogeza huku na huku hata wakati ukaisha. Zamani alikuwa msichana wa mzaha. Sasa ukimgusa kidogo tu anafoka, kisha anajitenga. Jambo la ajabu kupita yote, alikuwa na daftari aliloandika namna ya kupika vyakula vya kila aina: pilau, samaki wa nazi, keki, matoke kwa mchuzi wa karanga. Mtu asiyekula, naye anaandika mapishi usiku kucha! Sisi tulidhani anataka kuwa mwalimu wa upishi.

Tena alikuwa wa kwanza darasani. Nadhani hilo ndilo lililowapofusha wakubwa wetu. Mwanafunzi anayeshika namba ya kwanza, anayesali, asiyepiga kelele bwenini, nani atamwita amwulize ana shida gani?

Kisha siku zake za mwezi zikakoma. Katika bweni hapana siri ya namna hiyo, na ninyi mwajua maneno yaliyofuata. Walisema ana mimba. Wale wale waliomwita mtakatifu mwezi wa tatu walimcheka mwezi wa tano. Akaanguka bombani akichota maji. Alipelekwa zahanati, akapimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, akapimwa na mimba pia, hapana kilichoonekana. Akapewa vidonge vya kuongeza damu akarudishwa darasani. Alipoanguka mara ya pili alipelekwa hospitali kubwa. Daktari wa huko alimshika mkono akahesabu mapigo ya moyo, nayo yalikuwa chini ya 50 kwa dakika. Akamwuliza, “Jana ulikula nini?” Katika miezi minne yote, hapana mtu aliyekuwa amemwuliza swali hilo.

Ugonjwa wenyewe waitwa anoreksia nevosa. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kupata juu yake. Si ugonjwa wa jana. Mganga mmoja Mwingereza, Richard Morton, aliandika mwaka 1689 habari za msichana aliyekonda mpaka akafanana na mifupa iliyofunikwa ngozi, pasipo homa wala kifua kikuu. Jina tunalotumia sasa lilitolewa London na William Gull mwaka 1873, na mwaka huo huo Charles Lasègue wa Paris akaueleza ugonjwa ule ule. Mgonjwa hujinyima chakula, mwili unakwisha, naye haoni hatari yoyote. Wengi huogopa sana kunenepa, hata wakiwa wamebaki mifupa. Si wote, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Nilipowaeleza wenzangu habari hizi walinijibu kwa sauti moja: “Huo ni ugonjwa wa Wazungu.” Maana yake, sisi kwetu mtu mnene anaheshimiwa, bibi harusi anasifiwa kwa mwili wake, na aliyekonda anaulizwa kama anaumwa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Katika visiwa vya Fiji, ambako nako mwili mkubwa ulisifiwa tangu zamani, televisheni ilifika katika jimbo moja mwaka 1995. Daktari Anne Becker wa Marekani aliwauliza wasichana wa shule wa huko mwaka huo, na hapana hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Aliporudi kuuliza mwaka 1998, wasichana kama 11 katika kila 100 walikiri kufanya hivyo. Miaka mitatu tu! Anayedhani kwamba simu tunazozificha chini ya godoro hazituletei picha kama zile, na ajidanganye.

Lakini mwenzangu hakuwa na picha. Hakutaka kuwa mwembamba kama wasichana wa magazeti, wala sikumsikia hata siku moja akitaja unene. Yeye alitaka kuwa safi. Nilidhani basi yeye ni wa peke yake, mpaka niliposoma habari za Ghana. Mwaka 2004 madaktari walichapisha matokeo ya kuwachunguza wasichana 668 wa shule za sekondari kaskazini mashariki ya nchi ile. Waliwapata 10 waliokonda mno kwa sababu moja tu, ya kujinyima chakula. Wote 10 waliona kwamba wanafanya jambo jema, wakalieleza kwa maneno ya dini na ya kujitawala. Habari za umbo na uzito hazikuwamo. Wasichana wa shule, Waafrika, wenye umri kama wetu! Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Na Hong Kong nako, katika miaka ya 1990 mwanzoni, madaktari waliona kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao hawakusema neno juu ya kunenepa. Walisema tu kwamba tumbo limejaa, au hawana hamu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Ugonjwa huu ukija kwetu, huenda usije umevaa nguo za mitindo. Katika shule kama yetu huvaa kanzu ya mfungo, na sisi tunaupigia makofi.

Sitaki kueleweka vibaya. Sisemi kwamba kufunga ni ugonjwa. Mimi mwenyewe nafunga. Nasema tuangalie Kanisa lenyewe lasemaje. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983 yamfunga kwa mfungo mtu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapoanza mwaka wake wa 60, na siku zenyewe ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Hata siku hizo mtu hula mlo mmoja kamili na kitu kidogo mara mbili. Kuacha nyama ndiko kunakoanzia miaka 14. Basi msichana wa miaka 16 aliyeacha chakula cha usiku siku 40 hakuwa akitimiza sheria yoyote, na sisi tuliokuwa tukimsifu hatukuijua sheria yenyewe. Wenzetu Waislamu nao wameruhusiwa: aliye mgonjwa katika Ramadhani ale, siku atazilipa baadaye. Kuna na habari za Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyekufa Roma mwaka 1380 akiwa na miaka 33. Wengi hutaja jinsi alivyoacha kula. Wachache hutaja kwamba mapadre waliomwongoza walimwamuru ale, naye akajibu kwamba hawezi tena. Wataalamu wa siku hizi wabishana kama ulikuwa ugonjwa huu huu au sivyo, wala mimi si wa kuamua. Lile neno “siwezi” lanitosha. Anayefunga aweza kuacha siku anayotaka, mgonjwa hawezi.

Hapa yapasa kutaja ndugu za ugonjwa huu, maana si mmoja. Wa pili ni bulimia, ulioelezwa na Gerald Russell wa London mwaka 1979. Huyu mgonjwa hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kwa siri, kana kwamba anasukumwa; kisha kwa hofu hujitapisha, au hunywa dawa za kuharisha, au hujinyima siku nzima ili kufuta alichokula. Ni vigumu kumtambua kwa sababu mara nyingi mwili wake ni wa kawaida. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, alikiri katika televisheni mwaka 1995 kwamba aliugua hivyo miaka mingi, na mbele ya watu alikuwa akicheka na kupunga mkono. Anayekaa naye karibu ataona kwamba kila baada ya kula hukimbilia chooni. Mashavu huvimba kwa sababu ya tezi za mate, meno huliwa na uchungu utokao tumboni, na juu ya vifundo vya vidole huwa na makovu yaliyotokana na meno yake mwenyewe. Hatari kubwa ni kupotea kwa potasiamu katika damu. Chumvi hiyo ikipungua, moyo hukosa mpigo wake, na mtu aliyeonekana mzima jioni aweza kufa usiku.

Wa tatu ni kula kupita kiasi pasipo kujitapisha. Madaktari wa akili wa Marekani waliuhesabu kuwa ugonjwa kamili mwaka 2013. Msianze sasa kunyoshea vidole wanaomaliza kuku mzima siku ya wageni! Huo si ugonjwa, hiyo ni siku ya wageni. Madaktari hutaja jambo linalorudi angalau mara moja kwa juma kwa miezi mitatu, pamoja na kula mpaka kuumia, kujificha, na aibu kubwa baadaye. Wako pia wanaokula visivyo chakula, na hilo twalijua wenyewe, maana udongo wa kula wauzwa sokoni. Mama mjamzito anayefuata desturi ya kwao hahesabiwi mgonjwa kwa hilo tu. Lakini msichana anayetafuna udongo kila siku yafaa apimwe damu, kwa kuwa mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma. Tena hapana aseme kwamba mambo haya ni ya wasichana peke yao. Wavulana huugua pia, ila wao huchelewa zaidi kugunduliwa, kwa sababu hapana anayewafikiria.

Nirudi kwenye lile daftari la mapishi, maana lilinisumbua sana. Jibu nililipata Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944, Ancel Keys alianza uchunguzi juu ya vijana wanaume 36 wenye afya, waliokubali kwa hiari ili madaktari wajifunze jinsi ya kuwasaidia watu walioteswa na njaa ya vita. Mwaka 1945 walipunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wanaume hawa hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili. Hata hivyo walianza kuota chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakacheza na chakula sahanini ili kisiishe upesi, wakasikia baridi wakati wa joto, wakagombana, wakajitenga, na mioyo yao ikapiga polepole. Niliposoma hayo niliona kama nasoma habari za mwenzangu. Nikafahamu kwamba mengi tuliyoyaita kiburi na ukali hayakuwa tabia yake. Ilikuwa njaa.

Na mwili ukikaa katika njaa hiyo hujila wenyewe. Mifupa hupungua nguvu katika umri ule ule ambao ingalipaswa kujijenga, na huenda isipate tena kilichopotea. Moyo husinyaa pamoja na misuli mingine. Karen Carpenter, mwimbaji wa Marekani aliyejulikana dunia nzima, alikufa kwa moyo mwaka 1983 akiwa na miaka 32, baada ya kuugua ugonjwa huu kwa miaka. Katika magonjwa yote ya akili, huu ni mmojawapo wa yale yanayoua zaidi. Wengine moyo huwasimama, wengine hujiua.

Hata kumlisha kwataka ujuzi. Mama yake mwenzangu alikuja hospitali na kuku mzima, ndizi za kupika na maziwa ya kuganda, akalia alipokatazwa kumpa vyote. Daktari alimweleza kwamba mwili uliokaa muda mrefu bila chakula ukijazwa ghafla, chumvi iitwayo fosfati huanguka katika damu na mgonjwa aweza kufa akiwa anashiba. Basi walianza kidogo kidogo, wakipima damu. Alipotoka, mama alipewa kazi ya kusimamia kila mlo yeye mwenyewe, kwa upole lakini bila kulegea, mtoto asiachiwe kuamua. Njia hii ya kuwapa wazazi usimamizi ilitengenezwa katika hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980. Mama alishangaa kwamba Wazungu walihitaji hospitali ili kujua kwamba mtoto hulishwa na mama yake.

Kaka yangu aliniambia neno moja ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema, “Mwaka 2022 watu wa Karamoja walikufa kwa njaa. Nanyi mwalilia msichana aliyesukuma sahani!” Nimelifikiri kwa muda mrefu. Najua uchungu wake, na ndio uliomfanya mwenzangu asiseme kitu: aliona haya kuwa na njaa ya kujitakia katika nchi yenye njaa ya kweli. Lakini mtoto wa Karamoja hakupata gramu moja kwa sababu ya ile nyama ya Pasaka. Niliipata mimi. Na kumwambia mgonjwa kwamba wengine hawana chakula ni kumwongezea sababu ya kutokula.

Basi nawaomba wakuu wa meza wenzangu jambo dogo. Anayekupa chakula chake mara moja, mshukuru. Akikupa juma zima, usile, nenda ukaseme. Usimwambie “umekonda,” maana wako wanaofurahia neno hilo; wala usimwambie “umenenepa” anaporudi kutoka hospitali, kama alivyoambiwa mwenzangu na watu watatu siku ya kwanza, kwa nia njema kabisa, naye akalala bila kula. Na walimu wetu, kwa heshima zote, naomba mwaka huu wasitaje majina ya waliofunga.

Mwenzangu amerudi darasani muhula huu. Amepitwa na mitihani miwili na hashiki tena namba ya kwanza. Bado tunakaa meza moja. Siku nyingine anamaliza, siku nyingine anabakiza nusu, na juma lililopita alinisogezea sahani. Niliirudisha mbele yake nikakaa naye mpaka bwalo likabaki letu wawili na wapishi. Alinikasirikia sana. Matroni amesema mtu yeyote mwenye habari ya namna hii, yake au ya mwenziwe, amwone saa kumi na nusu baada ya masomo. Na ikiwa ni usiku, agonge dirisha la pili upande wa mwembe, kwa kuwa la kwanza ni stoo.